Mtumwa Asiitwe Mtumishi: Hoja kutoka Hati za Wasia za Ukoo wa Custis



Limezuka katika madarasa yetu zoea moja ambalo, tusipolikemea mapema, litakuja kuwa kanuni. Mwanafunzi apewapo kifungu cha historia ya Marekani au ya visiwa vya Karibi akifasiri kwa Kiswahili, kila penye habari za watu walionunuliwa, wakauzwa na kurithishwa, yeye huandika "watumishi". Mwalimu naye huipitisha kalamu yake nyekundu juu ya nukta na herufi kubwa, na neno hilo akaliacha lipite salama. Tukiuliza sababu, twajibiwa kwamba "mtumwa" ni neno kali, laumiza masikio ya watoto. Twajibiwa pia kwamba Kiswahili, hasa hapa Uganda, kimekwisha kutukanwa vya kutosha kuwa ni lugha ya wachuuzi wa watu na ya askari; kwa hiyo ati yafaa tukisafishe kwa kuyafukia maneno ya namna hiyo.

Sisi twaikataa hoja hiyo. Neno kali halifutwi kwa sababu ya ukali wake. Hufutwa likiwa la uongo. Na hapa lililo la uongo ni hilo "mtumishi". Mtumishi hulipwa ujira, na asiporidhika huaga akaenda zake. Watoto wake ni wake. Mtumwa hurithiwa, na watoto wake hurithiwa pamoja naye. Atakaye kuipima tofauti hiyo na aisome hati ya wasia ya tajiri yeyote wa zamani. Mtumishi akitajwa humo, hutajwa kuwa mpewa: fulani apewe paundi kadha kwa uaminifu wake. Mtumwa hutajwa katika mambo yatolewayo, pamoja na ardhi, farasi na vyombo vya fedha. Lugha isiyoweza kuipambanua nafasi ya mpewa na nafasi ya kitolewacho ni lugha iliyopofuka, nasi hatukuajiriwa kuwapofua watoto.

Kuna wenzetu wadhanio kwamba wasia ni karatasi kavu ya mawakili, isiyo na nafasi katika somo la lugha. Twawaomba wafikiri tena. Aandikaye nasaba ya ukoo wa wenye mashamba wa kikoloni hana njia iliyo bora kuliko kuufuata wasia baada ya wasia. Daftari la kanisa lamweleza nani alizaliwa na nani aliozwa. Wasia wamweleza nani alipendwa, nani alikatwa, nani aliachiwa deni, na nani alihesabiwa kuwa ni mali. Ili tusiseme hewani, tutauchukua ukoo mmoja wa Virginia, ukoo wa Parke na Custis, tuufuate kutoka mwaka 1710 hadi mwaka 1862. Mwenye kusoma ataona wazi kwamba katika kila hati kulikuwa na nasaba mbili, na kwamba moja tu ndiyo iliyopigiwa chapa na kutundikwa ukutani.

Daniel Parke alikuwa mzaliwa wa Virginia aliyepata kuwa gavana wa visiwa vya Leeward. Mwezi Desemba mwaka 1710 wakazi wa Antigua waliinuka dhidi yake wakamwua. Wasia wake ulipofunguliwa, ukoo ulitahayari. Mali zake za visiwani alikuwa amemwachia mtoto mchanga wa kike aliyezaa nje ya ndoa, Lucy Chester, kwa sharti kwamba jina la Parke litumike. Mali za Virginia na Uingereza alimwachia binti yake wa ndoa, Frances, aliyekuwa mke wa John Custis. Naye Frances akaachiwa na mzigo wa madeni. Sentensi hizo chache zilizaa kesi iliyovuka bahari. Wajukuu walishitakiana juu ya madeni ya visiwani, na hata mwaka 1757 shauri lilikuwa halijakwisha. Tazameni, basi, nguvu ya wasia: mtu amekwisha kuoza kaburini kwa karibu miaka 50, na maneno yake bado yaburuta watu mahakamani.

John Custis, mkwewe, alifariki mwaka 1749. Ndoa yake na Frances ilikuwa chungu, na mkewe alikuwa ametangulia tangu mwaka 1715. Katika wasia wake alimwamuru mwanawe asimamishe jiwe la kaburi lenye maandishi kwamba marehemu aliishi miaka 71, lakini kuishi hasa aliishi miaka 7 tu, nayo ni ile aliyokaa bila mke katika nyumba yake iitwayo Arlington. Mwana akikataa, basi akatwe katika urithi. Jiwe likasimamishwa. Wapenda nasaba hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Kisa kingine kilichomo katika wasia huo huo hawakisimulii sana.

Ili kukielewa yatupasa kwanza kuzijua sheria mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1662, iliyoamuru kwamba katika Virginia mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata baba akiwa ndiye bwana mwenyewe. Ya pili ni ya mwaka 1705, iliyosema kwamba watumwa wahesabiwe kuwa mali isiyohamishika, yaani mfano wa ardhi, ili warithiwe kwa kanuni zile zile za ardhi. Sheria ya kwanza ilimkata mtoto na baba yake. Ya pili ilimfunga na shamba. Ukizishika sheria hizo mbili, umeushika ufunguo wa nasaba zote za nchi ile.

Basi John Custis alikuwa na mtoto aitwaye Jack, aliyezaliwa na mtumwa wake Alice. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba Jack alikuwa mwanawe wa damu. Mwaka 1744 mzee huyo alilazimika kumwomba gavana na baraza lake ruhusa ya kumwacha huru mtoto huyo. Kisha katika wasia akaamuru ajengewe nyumba imara na apewe vitu vya kumfaa. Jack alifariki mwaka 1751, akiwa bado kijana. Katika michoro mingi ya nasaba ya Custis, John ana mwana mmoja wa kiume, Daniel. Tawi la Jack halikuchorwa, ingawa wasia wenyewe walitaja.

Hapa ndipo Kiswahili chetu, hicho kinachoitwa lugha ya wachuuzi, kinapokuwa na maneno kuliko Kiingereza. Twalo neno "suria", nalo halifanani na "hawara". Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na bwana wake alikuwa mwungwana, akarithi sawa na ndugu zake wa ndoa. Na mama yake hakuuzwa tena, akawa huru kwa kifo cha bwana. Seyyid Majid na Seyyid Barghash, waliotawala Unguja baada ya baba yao Seyyid Said kufariki mwaka 1856, wote wawili walikuwa wana wa masuria. Jack wa Virginia, kwa hali ile ile ya kuzaliwa, ilibidi aombewe ruhusa ya serikali ili awe mtu tu, sembuse kurithi.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mwema. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa kwa jasho la watu waliotekwa, na utumwa haukupigwa marufuku kisheria Unguja hadi mwaka 1897, pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, na Tanganyika hadi mwaka 1922. Tunalosema ni kwamba kila utumwa una sheria yake ya mirathi, na lugha iliyoishi na jambo hilo ilijifunza kulitaja kwa undani. Tunayo maneno "mzalia", aliyezaliwa utumwani katika nyumba ya bwana, "mjoli", mtumwa mwenzako wa bwana mmoja, "mtwana" na "mjakazi", "mateka", "hadimu". Mwanafunzi aandikaye "mtumishi" mahali pa maneno yote hayo amezibomoa nyumba saba akajenga banda moja, na banda lenyewe lavuja.

Turudi kwa ukoo wetu. Daniel Parke Custis, mwana wa John, alifariki mwezi Julai mwaka 1757 bila kuandika wasia. Aliacha eka zipatazo 17,500 na watumwa karibu 300. Aliacha pia mjane wa miaka 26, Martha, na watoto wawili wadogo. Kwa kuwa hapakuwa na wasia, sheria iligawa yenyewe. Mjane alipata thuluthi, lakini kwa muda wa uhai wake tu. Akifa, thuluthi hiyo irudi kwa warithi wa Daniel. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno "thuluthi", ila atajua kwamba kwetu lina kazi nyingine: katika sheria ya Kiislamu thuluthi ndiyo mpaka wa mali ambayo mtu aweza kuitolea wasia, na fungu la mjane mwenye watoto ni thumni. Tofauti kama hizi ndizo ziwafundishazo wanafunzi kwamba kutafsiri si kubadilishana maneno kama sarafu.

Katika thuluthi ya Martha walikuwamo watu 84. Mwezi Januari mwaka 1759 aliolewa na George Washington, na watu hao wakahamia chini ya mkono wa mume mpya, wasiwe wake. Hakuweza kuwauza wala kuwaacha huru, kwa maana walikuwa amana ya wajukuu watakaozaliwa. Mwaka 1799 Washington aliwahesabu watumwa wote waliokuwa Mount Vernon. Walikuwa 317: wake mwenyewe 123, wa kukodi 41, na wa fungu la Custis 153. Fungu hilo halikuongezeka kutoka 84 hadi 153 kwa kununua. Liliongezeka kwa uzazi wa wanawake waliomo. Kila mtoto aliyelia usiku katika vibanda vya Mount Vernon kutoka tumbo la mjakazi wa Custis aliingizwa katika mirathi ya mtu aliyekufa mwaka 1757. Je, huyo naye tumwite "mtumishi"? Amemtumikia nani, yeye aliyezaliwa jana?

Wasia wa Washington wa mwezi Julai mwaka 1799 unasifiwa sana, na kwa sehemu unastahili sifa. Aliamuru watumwa wake mwenyewe wawe huru baada ya kifo cha mkewe. Mmoja, William Lee, aliyekuwa pamoja naye katika vita vya uhuru, alipewa uhuru papo hapo na dola 30 kila mwaka kwa maisha yake. Tulisema mwanzo kwamba katika wasia kuna wapewa na kuna vitolewavyo. William Lee alivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili ndani ya kifungu kimoja cha maandishi. Wenzake 122 walingoja. Washington alifariki Desemba mwaka huo, na Martha hakutaka wangoje hadi kifo chake: tarehe 1 Januari 1801 wakaachwa huru.

Lakini watu wale 123 walikuwa wameoana na wale 153, kama Washington mwenyewe alivyokiri katika wasia. Siku ile ya Januari mume aliweza kutoka akiwa huru, na mkewe na wanawe wakabaki. Martha alipofariki mwezi Mei mwaka 1802, watu wa fungu la Custis waligawanywa mafungu manne kwa wajukuu wanne. Mama alikwenda kwa mjukuu huyu, binti kwa yule. Hilo ndilo fumbo la nasaba: siku ambayo ukoo wa Custis ulikamilisha mirathi yake kwa haki na utaratibu, ndiyo siku ambayo koo nyingine, zisizo na majina katika michoro, zilikatwa vipande kwa kalamu ile ile.

Mmoja alikuwa amekwisha kulikwepa gawio hilo. Ona Judge, binti wa Betty, alikuwa mzalia wa fungu la Custis. Mwezi Mei mwaka 1796, akiwa Philadelphia katika nyumba ya rais, alisikia kwamba atatolewa kuwa zawadi kwa mjukuu wa kike wa Martha. Washington na mkewe walipokuwa wakila chakula cha jioni, yeye alitoka mlangoni asirudi. Alifika New Hampshire, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafa mwaka 1848. Katika miaka ya 1840 alihojiwa na magazeti, akasema hajuti kutoroka. Kwa sheria, hata siku ya kufa kwake alikuwa bado mali ya warithi wa Daniel Parke Custis, na watoto wake vivyo hivyo, ingawa walizaliwa mbali na Virginia kwa baba aliye huru.

Mjukuu wa kiume wa Martha, George Washington Parke Custis, alijenga juu ya kilima kikabilicho mji wa Washington jumba aliloliita Arlington, kwa jina la nyumba ya ukoo. Waliolijenga walikuwa watumwa. Alikuwa na binti wa ndoa, Mary, aliyeolewa mwaka 1831 na Robert E. Lee, alikuwa pia na binti mwingine, Maria Carter, aliyezaliwa na mjakazi wa nyumbani aitwaye Airy. Maria aliolewa na Charles Syphax. Custis alimwacha huru na kumpa eka 17 za shamba la Arlington akae na wanawe, ila hakumwandikia hati. Mzee alipofariki Oktoba 1857, wasia wake uliwataja wajukuu wa Lee mmoja mmoja: mashamba kwa wavulana, dola 10,000 kwa kila msichana kati ya wanne. Maria hakutajwa.

Wasia huo uliamuru pia kwamba watumwa wote, karibu 200, waachwe huru katika muda usiozidi miaka 5. Wasii alikuwa Lee. Watumwa waliamini kwamba uhuru wao umefika siku ya mazishi. Lee alikuwa na madeni ya marehemu ya kulipa na fedha za mabinti za kukusanya, hivyo akawashika kazini na wengine akawakodisha. Mwaka 1859 Wesley Norris, dada yake na binamu yao walitoroka, wakakamatwa Maryland. Kwa ushahidi alioutoa Norris mwenyewe mwaka 1866, Lee aliamuru yeye apigwe mijeledi 50, na dada yake 20. Tarehe 29 Desemba 1862, muda ukiwa umekwisha na vita vikiwaka, Lee alitia sahihi hati ya kuwaacha huru. Ndani yake yameandikwa majina yao. Siku 3 baadaye, tarehe 1 Januari 1863, likatoka tangazo la Rais Lincoln.

Ardhi ya Arlington ilitwaliwa na serikali wakati wa vita, na tangu mwaka 1864 ikawa makaburi ya askari. Mjukuu mkubwa wa Custis aliishitaki serikali, na mwaka 1882 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki. Mwaka uliofuata alilipwa dola 150,000. Alikuwa na wasia mkononi. Maria Syphax hakuwa nao. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu mwaka 1866 ili zile eka 17 ziwe zake. William, mwana wa Maria, alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wa shule za watu weusi mjini Washington, mtu wa kazi yetu hii. Mabinti wawili wa baba mmoja, ardhi moja: mmoja alirithi kwa wasia, wa pili kwa huruma ya Bunge. Mwenye kuchora nasaba ya ukoo huo bila Maria hajachora nasaba, amenakili wasia.

Sasa twawageukia wapinzani wetu.

Wanaosema kwamba neno "mtumwa" lakitia Kiswahili aibu, twawauliza: aibu ni ya nani? James Mbotela, mwana wa watu waliokombolewa na kukalishwa Freretown karibu na Mombasa, alikitoa kitabu chake mwaka 1934, akakiita "Uhuru wa Watumwa". Twaweza kugombana naye kwa jinsi alivyowasifu Waingereza, lakini neno hakulikimbia. Katika riwaya ya Adam Shafi Adam, "Kasri ya Mwinyi Fuad", iliyotoka mwaka 1978, mwanamke aitumikiaye nyumba ya kabaila aitwa Kijakazi. Sheria ilikuwa imekwisha kuondoa utumwa, jina likabaki likishuhudia. Mwandishi hakuliita Kitumishi. Walioumizwa na jambo hawakuona haya kulitaja. Wenye haya ni sisi tulioajiriwa kulifundisha.

Wengine hutetea kwamba sarufi ya Kiswahili inatosha kumlinda mtu: mtumwa yumo katika ngeli ya watu, hivyo hawezi kugeuzwa kitu hata tukiligeuza jina lake. Hoja hii ni tamu, lakini haisimami. Ng'ombe naye "anakula" na "analala"; twampa upatanisho ule ule, kisha twamchinja. Ngeli haikumkinga mtu yeyote sokoni Unguja. Kinga ya mtu katika lugha ni jina la haki la hali yake, likifuatwa na jina lake mwenyewe. Ndiyo maana hatusemi "mtumwa" tukaishia hapo. Twasema Ona, Jack, Airy, Wesley.

Tena kuna methali tuipendayo mno darasani: mwacha asili ni mtumwa. Twaisema ili kuwahimiza watoto waenzi mila zao, na kwa nia hiyo haina ubaya. Lakini ikitolewa bila maelezo huacha wazo kwamba mtumwa ni mtu aliyejitupia asili yake mwenyewe. Alice hakuiacha asili yake. Iliachishwa kwake, kwa sheria ya mwaka 1662 na kwa orodha za mirathi zilizomwandika jina moja bila la baba. Ifundisheni methali hiyo, ila iulizeni swali: na aliyenyang'anywa asili, aitweje?

Wapo pia wasemao haya ni mambo ya Marekani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa kuwa nasi tunaishi juu ya ardhi iliyogawanywa kwa kalamu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia machifu na watu wengine wapatao 1,000 maili za mraba 8,000, na kutoka maili hizo likapatikana jina "mailo". Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo waligeuka wapangaji siku moja. Sheria ya mwaka 1928 ya busuulu na envujjo ikaja kuwawekea kinga. Amri ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya mwaka 1995 ikairudisha mailo. Hatumlinganishi mwenye kibanja na mtumwa. Hilo lingekuwa kosa lile lile la kuchanganya majina tunalolipinga. Lakini wanafunzi wetu ni wana wa pande zote mbili: wale ambao majina ya babu zao yamo katika hati, na wale ambao babu zao walikuwa juu ya ardhi hati ilipoandikwa, wasitajwe. Nao pia ni wana wa wajane, na katika jamii nyingi za kwetu kitenzi "kurithi" bado humchukua mjane kuwa shamirisho. Mtoto aliyefundishwa kuuliza ni nani apewaye na ni nini kitolewacho atajua la kufanya siku ya kikao cha matanga, karatasi itakapotolewa mfukoni na mjomba.

Twapendekeza, basi, mambo manne. Kwanza, katika kusahihisha tafsiri, "mtumishi" mahali pa "mtumwa" lihesabiwe kosa la maana, wala si suala la mtindo. Pili, maneno mzalia, mjoli, suria, mtwana, mjakazi, hadimu na wasii yarudishwe katika orodha za msamiati wa vidato vya juu, na wanafunzi watumwe kuyauliza kwa wazee. Tatu, kauli za kitenzi zifundishwe kwa kitenzi "rithi": kurithi, kurithiwa, kurithisha, kurithishwa, na kwa kila sentensi mwanafunzi aeleze mtendaji ni nani, na ni nani aliyekaa kimya ndani yake. Nne, kila darasa lisomapo wasia au orodha ya mirathi lichore miti miwili ya nasaba: mmoja wa walioandika, na mwingine wa walioandikwa. Mti wa pili utakuwa na mapengo mengi. Mapengo hayo yaachwe wazi yaonekane. Yasijazwe kwa kubuni, wala mti usiachwe kuchorwa kwa sababu yake.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na nchi jirani zinazidi kukipa nafasi. Wataongezeka wanafunzi, na wataongezeka wenye kutuambia tukilainishe Kiswahili ili kipendeke. Lugha haipendeki kwa kulainishwa; hupendeka kwa kuaminika. Siku mwanafunzi wetu atakapoisoma orodha ya mirathi ya Daniel Parke Custis, akakuta jina la mwanamke, umri wake na bei yake, tunataka awe na neno la kweli la kumwita. Asipokuwa nalo, tutakuwa tumeurudia wasia wa bwana wake kwa Kiswahili, na kuutia sahihi sisi wenyewe.